Meli ya Wagonjwa

Mara tatu alifika mbele ya duka la saa, na mara tatu akapita kama mtu mwenye safari zake. Mara ya nne muuza viatu wa jirani akamwambia, “Dada, kama umepotea sema, nikuonyeshe njia.” Hapo akaona haya, akasukuma mlango na kuingia.

Mchoraji huyu wa kiwanda kidogo cha uchapaji aliitwa Rula, na jina hilo alipewa na mwenye duka mwenyewe. Miezi minane nyuma mwanamume huyo alileta ubao wa mchezo wa mezani alioubuni, achorewe nakala safi. Rula akaupima, akamwambia mbele ya bosi kwamba vyumba vyake vya pembe sita vimepinda. Mteja mwingine angenuna. Yeye aliuliza vimepinda kiasi gani. Alipoambiwa milimita mbili, akacheka mpaka akashika meza. “Wewe si mchoraji,” alisema. “Wewe ni rula.” Tangu siku hiyo, kila Alhamisi Rula akitoka kazini alikuja dukani, wakakaa meza ya nyuma kujaribu mchezo. Na kati ya kete na kete, bila mmoja wao kutamka neno, mambo yakawa mambo.

Leo ilikuwa Alhamisi, na mkobani mwake mlikuwa na daftari lililomchoma kama kaa la moto.

Fundi, mwenye duka, aliinama kwenye mwanga wa taa, lenzi jichoni, akipuliza vumbi kutoka saa ya mkononi iliyofunguliwa mgongo. Alipomwona akaitoa lenzi.

“Umechelewa. Maji ya chai yamechemka mara mbili.”

“Nilikuwa na kazi.”

“Uongo. Nimekuona ukipita. Mara tatu.”

Rula akatabasamu kwa shida, akaketi. Ubao ulikuwa umeshatandazwa, mweusi, wenye vyumba kama sega la nyuki, na kete za meli za angani zimepangwa kwenye vituo vyake. Mchezo ulikuwa na mapambano saba, kila moja na ramani yake, meli zake, na masharti yake ya ushindi. Sita yalikwisha kukubaliwa na mchapishaji. Lililobaki lilikuwa la saba.

“Mchapishaji amepiga simu,” Fundi alisema, akimmiminia chai. “Kesho saa kumi jioni ndiyo mwisho. Likifika, sanduku linakwenda mtamboni. Lisipofika, tusubiri mwaka mwingine.”

“Fundi.”

“Naam.”

“Pambano la saba halijakaa sawa.”

Akalitoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wenye mistari. Katika pambano hilo upande mmoja ni msafara: meli tatu za mizigo, manowari mbili za kuzilinda, na meli moja ya wagonjwa. Upande wa pili ni wawindaji wenye manowari nne. Msafara ukiivusha meli ya wagonjwa hadi ukingo wa ubao, umeshinda. Meli hiyo ikilipuliwa, mchezo umekwisha hapo hapo.

“Tumecheza mara ishirini na nne,” alisema. “Msafara umeshinda mara tano.”

“Dadu hizo. Zina siku zake.”

“Dadu haziwezi kumwonea mtu mmoja mara ishirini na nne.”

“Basi tuwape manowari ya tatu.”

“Nimejaribu juzi na wenzangu kazini. Haikusaidia. Kasoro haiko kwenye idadi ya meli.” Akagonga ukurasa kwa kidole. “Iko kwenye sharti la ushindi.”

Fundi akaiweka birika chini, polepole mno. “Tucheze,” alisema.

Rula akachukua wawindaji. Hakuzitazama meli za mizigo wala walinzi. Manowari zake zote nne alizielekeza kwenye kete moja nyeupe, na kufika raundi ya tatu ilikuwa imekwisha. Akaigeuza kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunika uso wa aliyelala.

“Tena,” Fundi alisema.

Mara ya pili ilifika raundi ya nne.

“Unacheza kikatili.”

“Nacheza kama atakavyocheza mtu aliyenunua sanduku. Atagundua siku ya kwanza. Siku ya tatu atalitupa juu ya kabati.”

“Sharti hilo halibadilishwi.”

Rula hakuhitaji kuuliza sababu. Fundi alifiwa na mke miaka mitatu iliyopita. Mkewe, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeanza naye mchezo huu, na pambano la saba aliliandika kitandani, miezi ile ambayo kalamu ilimshinda uzito. Karatasi yenyewe Rula alikuwa ameinakili. Mwandiko ulianza wima, ukamalizika umelala: *Meli ya wagonjwa ikifa, vita vimekwisha. Hakuna cha kuhesabu baada ya hapo.*

“Aliliandika akiwa katika maumivu,” Rula alisema taratibu. “Pengine angepata nafuu, angelijaribu, akaona mwenyewe…”

“Wewe hukumjua.”

Hakupaza sauti. Lakini saa zilizotundikwa ukutani zikaanza kusikika, kila moja na mwendo wake.

“Kweli, sikumjua,” Rula alisema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imetulia. “Naujua mwandiko wake tu.”

Akaliacha daftari mezani, akachukua mkoba. Barabarani alitembea polepole, kwa makusudi, akijiambia hasikilizii hatua nyuma yake. Alizisikilizia mpaka kona. Hazikuja.

Nyumbani mama yake alikuwa akikunja nguo. Alikuwa muuguzi mstaafu, na miaka sita baada ya kuvua sare mtaa mzima bado ulimwita Sista.

“Umelia, au umekata vitunguu?”

“Sijakata vitunguu, mama.”

Mama akasogeza rundo la nguo, akampa nafasi kwenye kochi. Alimwacha amalize yote, kisha akakunja shati moja lililokuwa limeshakunjwa.

“Mgane wako simchukii,” alisema. “Ana adabu, na ana kazi ya mikono yake. Lakini nilikwambia toka mwanzo. Marehemu hakosei, mwanangu. Hachelewi, hanuni, haunguzi mboga. Ungeshindana na mwanamke aliye hai ningekwambia jipe moyo. Utashindanaje na asiyekosea?”

“Sishindani naye. Nilitaka mchezo uwe sawa tu.”

“Na yeye amesikia nini?”

Rula akachukua shati la pili, akalikunja. Usiku huo aliiweka simu chini ya mto, akaitoa, akairudisha. Haikulia.

Ijumaa alikuwa ameomba ruhusa kazini ili wakamilishe pambano pamoja. Sasa siku nzima ilikuwa mbele yake, tupu kama jengo la shule wakati wa likizo. Alifagia sebule mara mbili. Saa nne hodi ikapigwa, na mama ndiye aliyefungua.

Fundi alisimama kizingitini na sanduku kwapani na begi la kompyuta begani. Vifungo vya shati vilikuwa vimekosana na matundu yake, upande mmoja umepanda, wa pili umeshuka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu.”

“Nimekuja kumwomba radhi mwanao. Na akinivumilia, nina kitu nataka anipimie.”

“Kipi kinatangulia?”

“Radhi.”

“Basi mbona unaniambia mimi?”

Akaingia. Rula alikuwa amesimama na fagio mkononi, na hakujua pa kuliweka.

“Jana nilitaka uondoke,” Fundi alisema, “nikakosa ujasiri wa kukwambia ondoka. Nikalichukua jina la marehemu nikakupigia. Haikuwa haki kwako, wala kwake. Nisamehe.”

“Nimekusamehe,” Rula alisema, haraka kuliko alivyokusudia. Mama akakohoa.

Fundi akaufungua ubao kwenye meza ya chakula. Hakuwa amelala, macho yake yalisema hivyo kabla ya yeye kusema. “Nilisoma daftari lako kurasa zote. Nimeliandika sharti upya. Sasa kila meli inayovuka ina pointi. Ya mizigo mbili, ya wagonjwa nne. Msafara ukifikisha sita umeshinda. Na meli ya wagonjwa nimeiongezea ngao.”

Akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Rula aliisoma. Hazikupita dakika mbili, akaliona kosa. Aliisoma tena kwa matumaini kwamba amekosea yeye. Hakukosea. Mbele yake alikaa mwanamume aliyekesha ili aguse kitu ambacho hajakigusa kwa miaka mitatu, na alikuwa akimtazama kama mgonjwa anavyomtazama anayesoma majibu ya vipimo. Kando, juu ya miwani, mama naye alikuwa akitazama. Angeweza kusema ni nzuri. Saa kumi jioni ingefika, karatasi ingekwenda, na leo ingekuwa siku njema.

“Fundi,” alisema. “Nayo haijakaa sawa.”

Akaiweka karatasi mezani, akaonyesha mstari wa pointi.

“Meli tatu za mizigo, pointi mbili mbili, ni sita. Sita ni ushindi. Mchezaji mwerevu hataihitaji meli ya wagonjwa. Ataiacha nyuma na ngao zake nzito, wawindaji wahangaike nayo, huku zile tatu zikikimbia.”

“Iwe chambo.”

“Iwe chambo.”

Fundi akaichukua karatasi, akaitazama kama imeandikwa na mtu mwingine. Rula alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alikuwa tayari kusikia kiti kikisogezwa, ubao ukikunjwa, mlango.

“Nimeandika hivyo mimi,” Fundi alisema mwishowe. “Usiku kucha nimekaa na pambano hili, na nimewafundisha watu kumwacha mgonjwa nyuma.” Akapangusa uso kwa kiganja. “Ahsante. Mke wangu alikosea upande ule, mimi nimekosea upande huu.”

Mama alikuwa ameshika taulo. Alilishusha mapajani, akakaa nalo hivyo hivyo. Kisha akainuka, akavuta kiti cha tatu.

“Hebu nielezeni,” alisema. “Taratibu, kama mtu asiyejua hili wala lile.”

Wakamweleza, huyu akianza sentensi na yule akiimalizia. Mama akagusa kete nyeupe.

“Kwa hiyo hii ikifa, wote mnakunja ubao mnakwenda nyumbani?”

“Ndivyo ilivyoandikwa mwanzo, mama.”

“Na hizi tatu, ndani hamna watu?”

Fundi akasita. “Wamo. Wahamiaji. Familia.”

“Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja,” mama alisema. “Mgonjwa akitutoka tulimfunika, tukasimama naye dakika moja, kisha tukaenda kitanda cha pili. Hatukufunga wodi. Si kwamba aliyekwenda hakuwa na thamani. Wa kitanda cha pili naye alikuwa anatuita.”

Fundi aliitazama meza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo wapi anaweza kunawa mikono. Rula akamwonyesha. Bomba likafunguliwa, likaendelea kutiririka.

“Nimemuumiza?” mama alinong’ona.

“Sijui, mama.”

“Sikukusudia. Nilikuwa nasema mambo ya wodi.”

“Najua.”

Bomba halikufungwa. Rula alisimama katikati ya sebule akiogopa kumfuata na akiogopa kutomfuata. Maji yale yangeshawanawisha watu kumi. Hatimaye yakakatika, na Fundi akarudi, uso umelowa, kola imelowa, vifungo vimewekwa sawa.

“Basi mchezo hauishi meli ya wagonjwa ikilipuliwa,” alisema, akikaa. “Unaendelea. Msafara ukivusha zile tatu, unapata ushindi mdogo. Lakini ushindi kamili hauwezekani bila mgonjwa. Iandike, Rula. Mkono wangu umechoka.”

Rula akaandika. Halafu akaisimamisha kalamu.

“Bado,” alisema. “Tumewapa msafara sababu ya kuendelea. Wawindaji hatujawagusa. Wao hawaogopi kitu. Wanaweza kupoteza manowari tatu, ile ya nne ikiua, wanahesabiwa wameshinda. Nani anapigana hivyo?”

“Asiye na kwao,” mama alisema.

Rula na Fundi wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana macho yao yakutane yakabaki.

“Mafuta ya kurudi kwao,” Fundi alisema.

“Ya raundi nane,” Rula akadakia. “Raundi ya nane wawe wameanza kugeuka. Na ni lazima wawe na angalau manowari mbili nzima, la sivyo hata wakiua, ni sare.”

“Hapo walinzi wangu wana maana.”

“Hapo kila mtu ana cha kupoteza.”

Ilikuwa saa sita na nusu. Wakaanza kujaribu, na kwa kuwa walihitaji mtu asiyezijua hila zao, mama akapewa wawindaji. Mchezo wa kwanza mama alifanya uroho, akafukuza kila kilichotembea, mafuta yakamwishia mbali na ukingo akiwa na manowari moja. Msafara ukashinda. Akadai dadu imechongwa vibaya. Mchezo wa pili alinyamaza kabisa, akasubiri kama anayesubiri homa ishuke, akailipua meli ya wagonjwa raundi ya sita. Rula alimtupia jicho Fundi. Fundi aliigeuza ile kete mwenyewe. Akakaa nayo kidogo, kidole juu yake. Kisha akasogeza meli ya mizigo chumba kimoja mbele, na kingine, na raundi ya tisa zote tatu zikavuka.

“Ushindi mdogo,” alisema.

“Mdogo si haba,” mama akajibu.

Wa tatu wawindaji walishinda. Wa nne ulikuwa bado uwanjani Rula alipotazama saa: kumi kasorobo. Fundi akawasha kompyuta, Rula akimsomea na yeye akichapa. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Mama akawaambia wasiitazame kompyuta, labda ina haya. Kumi kasoro dakika saba barua ikaenda, na chini yake Fundi alikuwa ameongeza mstari: sharti jipya limejaribiwa mara tatu tu, na picha za daftari la majaribio ya mwanzo zimeambatanishwa, kazi ya mchoraji.

“Mara tatu hazitoshi,” Rula alisema walipotoka barazani kupunga upepo. “Wanaweza kulikataa.”

“Wanaweza.”

“Huogopi?”

“Naogopa. Hilo naliogopa kidogo.” Alikuwa akitazama barabara, si yeye. “Jana ulipofika kona nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuona umepunguza mwendo. Nikashindwa kunyanyua mguu. Hilo ndilo nililoliogopa usiku kucha, kwamba umenisubiri na sikuja.”

“Nilisubiri,” Rula alisema.

“Najua.”

“Usinifanyie tena.”

“Sitakufanyia. Nikikosea, utaniambia?”

“Hata usipouliza.”

“Mbele ya watu?”

“Hasa mbele ya watu.”

Akamshika mkono. Vidole vya Rula vilikuwa na wino mpaka kwenye kucha, na Fundi akavishika kama anavyoshika kitu kidogo kilichofunguliwa mgongo, kwa uangalifu wote alionao. Hawakusema tena. Rula bado alikuwa na hofu: ya jibu la mchapishaji, ya picha ya marehemu sebuleni kwa Fundi na mwandiko ule uliolala, ya mama, ambaye hajasema ndiyo wala hapana na ambaye kesho asubuhi angeweza kuamka na hoja mpya.

“Nyie wawili,” mama aliita kutoka ndani. “Mmemaliza yenu, mimi sijamaliza. Manowari zangu zinasubiri hapa. Mkwe, zamu yako.”

Mkono wa Fundi ukakaza ghafla.

Rula aliingia wa kwanza. Mama alikuwa ameinamia ubao, miwani puani, akihesabu vyumba kwa kidole.

“Umesema nini, mama?”

“Nimesema zamu yake.”

“Kabla ya hapo.”

Mama akahesabu chumba kimoja zaidi, akafika alikotaka, akanyanyua uso. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Fundi, aliyekuwa bado mlangoni na hajui kama ameruhusiwa kukanyaga ndani.

“Nimesikia alivyokosolewa mara mbili kwa siku mbili,” alisema, “na bado hajakikimbia kiti chake. Keti, baba. Chai yako inapoa.”

Fundi akaketi. Aliokota dadu, ikamponyoka, ikabiringika chini ya kabati, na ikabidi wote watatu wapige magoti kuitafuta.